Jemadari Asiyeshindwa na Waliombebea Ushindi

Sifa ya "jemadari asiyeshindwa" ilianza kutungwa kabla moshi wa vita haujatua. Mwezi Machi 1919 Paul von Lettow-Vorbeck alipita juu ya farasi katika lango la Brandenburg mjini Berlin, nyuma yake wakiandamana maafisa waliorudi naye kutoka Afrika ya Mashariki, na umati ukamshangilia kama mshindi katika nchi iliyokuwa imeshindwa kila mahala pengine. Taifa lililopoteza kila kitu lilihitaji mtu mmoja ambaye hakupoteza, na mtu huyo alipatikana mbali mno, katika nchi ambayo wengi wa waliokuwa wakipiga makofi hawakupata kuiona. Tangu siku ile sifa imesafiri bila ya kusailiwa. Imeingia katika vitabu vya Wajerumani, halafu, ajabu, katika vitabu vya Waingereza waliopigana naye, na mwisho imefika hadi kwenye baraza za pwani, ambako bado husikika mtu akisema kwamba Mdachi alikuwa mkali lakini alikuwa dume, na kwamba jemadari wake hakushikwa. Sifa hiyo yastahiki kuketishwa kitako mkekani na kuulizwa maswali.

Swali la kwanza ni la asili. Bwana huyu hakuzaliwa vitani mwa Tanga. Alizaliwa Saarlouis mwaka 1870, akaenda China mwaka 1900 pamoja na majeshi ya Ulaya yaliyokwenda kuzima uasi wa Mabondia, na mwaka 1904 akapelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi ambayo leo ni Namibia. Huko alitumika katika ofisi ya kijeshi ya Lothar von Trotha. Jina la Trotha si geni kwa watu wa pwani ya Mrima: huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki tangu 1894 hadi 1897, kabla ya kwenda kutoa, tarehe 2 Oktoba 1904, ile amri yake dhidi ya Waherero, kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka, awe na silaha au asiwe nayo, apigwe risasi. Waherero walisukumwa jangwani na visima vikazuiwa. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikubali mwaka 2021 kuyaita mambo yale mauaji ya kimbari. Lettow-Vorbeck hakuiandika amri ile, na haitakuwa haki kumbambikiza kalamu ya mwengine. Lakini skuli yake ya vita vya Afrika ilikuwa ile. Huko ndiko alikojeruhiwa jicho la kushoto na kupoteza nuru yake, na huko ndiko alikoona kwamba katika nchi kavu maji na chakula ni silaha kuliko bunduki. Wanaomsifu huruka kurasa hizi wakaanzia Januari 1914, siku aliposhuka Dar es Salaam, kama kwamba alitoka baharini akiwa hana jana.

Swali la pili ni hili: vita vile vilikuwa vya nani? Mwezi Agosti 1914, Ulaya ilipowaka moto, gavana Heinrich Schnee alitaka koloni ibaki nje ya vita, akitegemea mkataba wa Berlin wa 1885 ambao ulitoa nafasi kwa nchi za bonde la Kongo kuwekwa kando na ugomvi wa Ulaya. Waingereza nao hawakuwa malaika. Tarehe 8 Agosti manowari yao ilikwisha kuupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Lakini aliyekataa katakata wazo la kuiweka nchi kando ni mkuu wa jeshi. Aliisema nia yake bila ya kificho, na katika kumbukumbu zake aliiandika kwa fahari: hakutumaini kuiokoa koloni. Alitaka majeshi mengi iwezekanavyo ya adui yashughulishwe Afrika ili yasipelekwe kwenye mahandaki ya Ufaransa.

Msomaji aipime kauli hiyo kwa utulivu. Mtu anayeilinda nchi huacha kupigana pale nchi inapoangamia, kwa kuwa kilichokuwa kikilindwa hakipo tena. Mtu anayeifanya nchi kuwa chambo hana sababu ya kuacha, maana chambo kazi yake ni kuliwa. Kuanzia Pangani hadi Ruvuma, kuanzia Ugogo hadi Umakonde, nchi ya watu ilitundikwa kwenye ndoana ili samaki wa Flanders apunguziwe idadi. Na hata samaki huyo hakunaswa kama inavyosimuliwa. Ni kweli kwamba Waingereza walileta majeshi makubwa. Lakini waliletwa Wahindi, Makaburu wa Jan Smuts, na tangu 1917 mzigo uliangukia zaidi vikosi vya Waafrika, wa King's African Rifles na wa Nigeria na Gold Coast, watu ambao London haikuwa na nia ya kuwapeleka kupigana Ufaransa. Kwa mizani aliyoichagua mwenyewe, biashara ya jemadari ilikuwa ya hasara. Mtaji tu haukuwa wake.

Hapana haja ya kumnyima haki yake ya uhodari. Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914, Waingereza walishusha askari wapatao 8,000 dhidi ya watu kiasi cha 1,000 tu, nao wakapigwa hadi wakarudi majahazini mwao na kuacha pwani bunduki, bombom na risasi kwa maelfu. Nyuki wa minazini nao walisaidia, na kisa cha nyuki kimesimuliwa kiasi kwamba wakati mwengine hudhaniwa ndio waliokuwa na amri ya vita. Siku ile aliuawa Tom von Prince, yule Bwana Sakarani aliyemwandama Mkwawa. Januari 1915, Jasini, jemadari alishinda tena, lakini alipohesabu maafisa na risasi alizopoteza alitambua kwamba ushindi wa namna ile mara mbili tatu zaidi utammaliza. Tangu hapo akawa mtu wa kuvizia na kukimbia. Kukimbia kwa mpango ni sanaa ya vita, hakuna aibu. Aibu ni kuita kila kukimbia ushindi. Machi 1916 Smuts alianza kusukuma kutoka Kilimanjaro. Ilipofika Septemba, Dar es Salaam, Tabora na reli yote ya kati vilikwisha kutoka mikononi mwa Wajerumani. Oktoba 1917, Mahiwa, karibu na Lindi, Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000 na yeye kiasi cha mia tano na zaidi, na vitabu vyasema alishinda. Mwezi uliofuata mshindi huyo aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wake kwa mamia, dawa ya kwinini ikiwa imekwisha, akavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno kutafuta chakula.

Hapa ndipo penye kiini, nacho ni chakula. Wanahistoria wa vita hupenda ramani zenye mishale. Mshale hauli. Jeshi la Wajerumani na la Waingereza yalipita katika nchi ambayo ndorobo waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota kwa makumi ya maelfu, na kwa hiyo kila risasi, kila sanduku la mvinyo la bwana mkubwa, kila kipande cha mzinga kilipanda juu ya kichwa cha mtu. Hata mizinga ya manowari Königsberg, ile iliyoizamisha Pegasus mbele ya mji wa Unguja asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, baadhi ya mabaharia wake wakazikwa kisiwani Chapwani, mizinga hiyo ilipotolewa Rufiji baada ya manowari yenyewe kuangamizwa Julai 1915 ilikokotwa nchi kavu kwa mikono na kamba. Wanaostaajabia kazi ile humstaajabia mhandisi. Kamba ilikuwa na ncha ya pili.

Hesabu yake mtoto wa skuli aweza kuifanya. Mpagazi alibeba kilo 25, pengine na zaidi. Mpagazi naye ni mtu, hula; mpe kilo moja ya unga kwa siku. Akienda mwendo wa siku 25 bila ya kupata pa kula njiani, atakuwa amekula mzigo wote alioubeba, na askari aliye mbele hajapata punje. Kwa hiyo ama wapagazi wawe wengi mara dufu na mara dufu tena, ama wasilishwe, ama chakula kichukuliwe kwenye ghala za vijiji vinavyopitwa. Jemadari alifanya yote matatu, na la tatu ndilo lililomfanya aweze kuenea nchi kwa miaka minne. Watu huliita hilo werevu wa kuishi kwa nchi. Nchi ile ilikuwa ni vihenge vya watu, mbegu za msimu ujao, kuku, mbuzi wa mahari. Majumbe na maakida walitakiwa kutoa watu, na waliotolewa kwa kamba walifungwa kwa kamba wasitoroke. Waliobaki kijijini walikuwa wazee, wanawake na watoto, nao hawakuwa na nguvu ya kulima wala mbegu ya kupanda. Ludwig Deppe, daktari Mjerumani aliyefuatana na jeshi hilo hilo, alikiri katika kitabu chake baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na njaa. Shahidi huyo alitoka ndani ya nyumba. Hakuajiriwa na Waingereza.

Ipo methali inayopendwa sana kutajwa katika mambo haya, ya tembo wawili na nyasi. Inafaa iachwe kidogo, maana inawasamehe tembo. Nyasi za methali huumia kwa bahati mbaya, tembo wakishughulikiana. Hapa nyasi zenyewe ndizo zilizotafutwa, zikakatwa, zikafungwa mizigo na kuliwa. Na kama kwa kejeli, mwaka 1916, Tabora, Wajerumani waliosakamwa na uhaba wa fedha walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, na picha waliyoitia ni ya tembo. Sarafu hiyo sasa hushindaniwa na wakusanyaji kwa bei kubwa. Wenyeji walipewa noti za karatasi duni zilizochapwa humo humo nchini, na vita vilipokwisha noti hizo hazikununua hata kibaba cha mtama.

Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita na yote mawili yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana, na kisha mvua zikakosekana, watu wanaijua miaka ile kwa jina lake: Mtunya. Inakadiriwa kwamba Wagogo 30,000 walikufa, mmoja katika kila watano. Kusini, kuanzia Songea hadi Lindi, hii ilikuwa njaa ya pili ya kutengenezwa na watu katika muda wa miaka kumi na kidogo, kwani nchi ile ilikuwa haijapona njaa ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, pale majeshi ya Wajerumani yalipochoma mashamba kwa makusudi ili waasi wasalimu amri. Jumla ya raia waliokufa katika koloni nzima kwa njaa na maradhi ya vita vya 1914 hukadiriwa na wanahistoria kwa mamia ya maelfu. Waingereza, ambao walichukua wapagazi wapatao milioni moja kwa muda wote wa vita, waliandika vifo vya zaidi ya 95,000 kati yao, na kila mtafiti anakubali kwamba hesabu hiyo ni pungufu. Upande wa Lettow-Vorbeck hakuna daftari kamili la namna hiyo. Kwa Wazungu wake kila jina liliandikwa. Kwa askari, mengi. Mpagazi alikuwa anaandikwa kama mzigo, na mara nyingi mzigo ndio ulioandikwa.

Kutaja hesabu ya Waingereza si kwa ajili ya kuwapamba. Kambi yao ya wapagazi ndiyo iliyoipa Dar es Salaam jina la Kariakoo, na Nairobi nayo ina Kariokor yake. Majina mawili hayo ni makaburi bila ya mawe. Lakini Smuts hakuna anayemwimbia kuwa alipendwa na Waafrika. Lettow-Vorbeck ndiye anayeimbiwa hivyo, na ndiyo sababu ni yeye anayesailiwa hapa. Habari za uungwana kati ya majemadari hawa wawili ni za kweli: Smuts ndiye aliyempelekea adui yake habari kwamba Kaizari amemtunukia nishani kubwa, na mwaka 1929 walikaa meza moja mjini London wakala na kukumbushana. Uungwana huo ulikuwa na mipaka yake, nayo ilikuwa mipaka ya meza ile.

Watetezi wake wakizidiwa kwa hesabu hukimbilia kwa askari. Askari, husema, walimpenda; walimfuata hadi mwisho. Jambo hili lahitaji kutazamwa kwa heshima, maana askari wale walikuwa watu wenye akili zao na sababu zao. Katika kilele cha nguvu zake, mwanzoni mwa 1916, jeshi lilikuwa na askari zaidi ya 11,000 na Wazungu kiasi cha 3,000. Siku aliposalimu amri rasmi Abercorn, mji uitwao leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya, walisimama naye Wazungu 155 na askari wapatao 1,100 na kidogo. Waliokosekana, baadhi walikufa, wengi walitekwa, na maelfu walijiondokea, wakarudi makwao au wakaingia upande wa pili. Waliobaki walibaki kwa sababu wanazozijua wanajeshi wa dunia nzima: mshahara uliokuwa bora kuliko wa mpagazi, cheo cha ombasha au shaushi, mke na mtoto waliokuwa humo humo msafarani, na hofu ya kuangukia mikononi mwa wanavijiji ambao jana waliwapora. Hakuna mapenzi katika orodha hiyo ambayo hayawezi kuelezwa kwa sababu nyengine. Na waliposalimu amri hawakupitishwa langoni Brandenburg. Walipelekwa kambini Tabora kungoja, na homa kubwa ya mafua ya mwaka ule ikawaokota humo.

Baada ya hapo jemadari aliishi miaka arubaini na mitano, na maisha hayo nayo huandikwa kwa haraka. Julai 1919 aliongoza majeshi kuingia Hamburg kutuliza fujo za watu wenye njaa. Machi 1920 alijiunga na uasi wa Kapp dhidi ya serikali ya jamhuri iliyochaguliwa, ukashindwa, naye akatolewa jeshini. Ndiyo kusema huyu asiyeshindwa alishindwa na mgomo wa wafanyakazi wa Ujerumani. Tangu 1928 hadi 1930 alikuwa mbunge wa chama cha wazalendo wa mrengo wa kulia. Tarehe 27 Agosti 1939, siku chache kabla ya Hitler kuivamia Poland, akiwa na umri wa miaka 69, alipewa cheo cha heshima cha jenerali wa jeshi la miguu, bila ya kikosi cha kuongoza. Wapo wanaotaja kwamba hakuwa mfuasi wa chama cha Nazi. Na iwe hivyo. Cheo alikipokea.

Kwa wapenzi wa lugha lipo jambo jengine, dogo kwa macho ya wanahistoria, lakini lenye uzito kwa wasomaji wa mashairi. Mwaka 1920 alitoa kitabu cha kuwasimulia vijana wa Kijerumani vita vyake, na jina alilokipa lina neno la Kiswahili ndani yake: *Heia Safari!* Neno hilo likaingia katika nyimbo za vijana wa huko, wakatembea nalo msituni wakiwa na mabegi mgongoni, likanukia jua, simba na ushujaa. Safari! Kwa mpagazi safari lilikuwa neno la alfajiri, mluzi, kamba na kiboko. Neno lilichukuliwa likiwa na jasho, likaoshwa, likapelekwa Ulaya, na siku hizi linarudi kwa ndege likiwa na bei ya dola. Hata mifupa haikusalimika: Wajerumani walipochimbua mabaki ya mijusi mikubwa ya kale Tendaguru, karibu na Lindi, kwa nguvu za mamia ya vibarua wenyeji kati ya 1909 na 1913, mmoja wa mijusi hao ulipewa mwaka 1919 jina la kitaalamu la *lettowvorbecki*. Mnyama wa Lindi aliyekufa miaka milioni mia moja na hamsini kabla ya kuzaliwa kwa jemadari akavishwa jina lake. Vibarua waliombeba hadi bandarini hakuna aliyewafikiria.

Wajerumani wenyewe wameanza kujifuta jina hilo. Kambi za jeshi zilizoitwa kwa jina lake ama zimefungwa ama zimebadilishwa, na mjini Hannover barabara iliyokuwa yake, baada ya mvutano uliofika mahakamani, sasa inaitwa kwa jina la Namibia. Ni jambo la kutia haya kwamba jina liondolewe ukutani Hannover na liendelee kutukuzwa barazani pwani.

Na hapa lawama inahama, inarudi nyumbani kwa watunzi. Vita vya Abushiri vina utenzi wake, alioutunga Hemedi bin Abdallah. Vya Maji Maji vina utenzi wake, wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Vita vya 1939 hata 1945, Shaaban Robert alivitungia utenzi mzima. Katikati ya hizo umepita msiba uliokuwa mkubwa kuliko yote mitatu kwa idadi ya wafu wa nchi hii, nao hauna utenzi unaosomwa kwa sauti kama zile zinavyosomwa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Nobel mwaka 2021, aliwarudisha askari wa Wajerumani katika riwaya yake ya *Afterlives* mwaka 2020, kwa Kiingereza. Alipasi deni kwa wanaotunga kwa Kiswahili. Washairi waweza kujitetea kwamba wapagazi wengi hawakuwa watu wa pwani, walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wangoni, Wamakua. Utetezi huo haufai hata kidogo. Lugha waliyoamrishiwa ilikuwa ni Kiswahili. "Inuka", "beba", "twende" yalikuwa ni maneno ya lugha hii, na mpagazi aliyekuwa hajui neno lolote jengine alikufa akiwa ameyajua hayo matatu.

Dar es Salaam ipo sanamu ya askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, imeelekeza bunduki yake upande wa bandari. Waliiweka Waingereza kwa ajili ya watu wao. Nairobi wakaweka wanaume watatu, na mmoja ni mpagazi. Dar es Salaam ni askari peke yake. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja na wapagazi, lakini watu hupita wakitazama shaba, hawainami kusoma.

Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani ya Magharibi lilipitisha fedha za kuwalipa askari wa zamani mishahara yao iliyobaki tangu vita. Inasimuliwa kwamba karani wa benki alifika Mwanza na fedha zake, wakajitokeza wazee kiasi cha mia tatu na hamsini, na wachache tu ndio waliokuwa na cheti. Mmoja alileta vazi lake la zamani, limechakaa. Karani akapata fikra: akamwita kila mzee mbele, akampa ufagio badala ya bunduki, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna, wasema, aliyekosea. Kisa hiki hupendwa sana. Husimuliwa kama dalili ya uaminifu, na wasikilizaji hutabasamu. Miaka arubaini na sita wazee wale walikuwa wakidai, na walipolipwa walilipwa kwa kuchezeshwa ufagio.

Wazee wengine waliokuwa wamebeba mizigo katika njia zile zile, kutoka Moshi hadi Ruvuma na kurudi, hawakuwa na amri yoyote ya bunduki waliyofundishwa. Siku ile ya Mwanza wangepewa washike nini?